Ruta kuukuu ya 1841: RAM kwanza au flashi kwanza?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete alinipigia simu. Kanunua Dar es Salaam ruta mbili (vifaa vya kuunganisha mitandao) za Cisco 1841, zimeshavuka kwa boti hadi Mkoani, na anataka kuzitumia nyumbani kujiandaa na mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco cha mambo ya mitandao. Muuzaji kamwambia ruta hizo "ziongezwe memori". Memori ipi, hakumwambia. Nilimjibu kadiri salio lilivyoruhusu, lakini jambo hili linataka kukaa kitako, na si yeye peke yake anayekwama hapo.

Ndani ya 1841 mna memori tatu, kila moja na kazi yake. Flashi ni kile kikadi cha CompactFlash kinachochomekwa kwa nyuma. Humo ndimo linamokaa faili la IOS, yaani programu inayoiendesha ruta. RAM ni mahali IOS inapofanyia kazi wakati ruta imewaka. Ya tatu, NVRAM, hutunza usanidi uliouandika wewe, na hiyo huna haja ya kuigusa.

Watu wengi huchanganya mbili za mwanzo. Wanaona faili la 40MB, wanaona RAM ya 128MB, wanasema nafasi ipo tele. Nami huwarudisha kwenye karafuu. Karafuu mbichi ikishindiliwa ndani ya polo inakaa pembeni ya ukuta na wala hutaiona. Imwage uanike, ndipo utakapojua kama majamvi yanatosha. Faili la IOS ni hivyo hivyo. Litazame jina lake: c1841-advipservicesk9-mz, kisha namba za toleo. Hiyo "m" inasema programu itaendeshwa kutoka RAM, na "z" inasema imeshindiliwa. Ruta inapowaka huitoa IOS kwenye flashi na kuitandaza yote ndani ya RAM, halafu juu yake zinakuja jedwali za njia, OSPF (ruta kuambiana njia), NAT (kubadili anwani) na mengineyo. Flashi ni polo, RAM ni jamvi. Ukinunua polo kubwa na jamvi likabaki lile lile, ruta itakataa kupanda, yaani haitawaka mpaka kufika kwenye kazi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chomeka kebo ya konsoli (ile inayoiunganisha ruta na kompyuta yako), weka kasi ya 9600, yaani biti kwa sekunde, washa ruta na uandike `show version`. Tafuta mstari unaosema kitu kama 114688K/16384K bytes of memory. Hizo ni namba mbili za RAM ile ile, ya kwanza ni ya kazi za jumla na ya pili ni ya kupitishia pakiti. Zijumlishe: 131072K, yaani 128MB. Hivyo ndivyo 1841 nyingi zilivyotoka kiwandani. Mwisho wake ni 384MB, kwa hiyo kinachokosekana ni kipande kimoja cha 256MB. Upande wa flashi, kikomo rasmi ni 128MB, na nyingi huja na 32MB au 64MB.

Kipande hicho cha RAM kina umbo la RAM za laptop za zamani, za enzi ya DDR ya kwanza. DDR2 haiingii, usiilazimishe. Changu nilikitoa kwenye laptop iliyokufa kioo, na ruta ikakikubali. Kadi ya CompactFlash niliipata kwa mpiga picha wa harusi hapa Chake Chake ambaye kamera yake ya zamani ilikuwa ikitumia kadi hizo. Ukiipata, iformati ndani ya ruta yenyewe, usiiformati kwenye kompyuta, utaepuka usumbufu mwingi.

Hapa kwetu kuna adui ambaye vitabu vya mtihani havimtaji, nao ni upepo wa chumvi. Ruta ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye meno ya RAM, na kwenye kona ya boksi sisimizi walikuwa wameshahamia na mayai yao. Niliikung'uta, nikasugua meno yale taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, nikapangusa kwa spiriti, nikaiacha ikauke usiku kucha. Kabla ya hapo ilikuwa inajizima na kujiwasha bila kufika popote. Baada ya hapo ikapanda moja kwa moja. Tangu siku hiyo siamini kwamba ruta imekufa mpaka niwe nimeisafisha.

Sasa IOS yenyewe. Ni mali ya Cisco, na kuipakua rasmi kunataka mkataba nao. Usipachike faili ulilopewa na mtu usiyemjua. Ruta iliyotumika mara nyingi huja na faili lake ndani. Kabla hujagusa kitu kingine, lihifadhi faili hilo kwenye kompyuta kupitia mtandao kwa `copy flash: tftp:`. Toleo la mwisho kwa 1841 ni la familia ya 15.1(4)M, lakini hata 12.4 yenye uwezo wa SSH na IPv6 inatosha kwa mazoezi mengi.

Ikitokea flashi imefutika na ruta inaamkia kwenye rommon (programu ndogo ya dharura iliyomo ndani ya ruta), utakuta watu wanakushauri urudishe faili kwa xmodem, njia ya zamani ya kutuma faili kupitia konsoli. Piga hesabu kwanza. Kwa kasi ya 9600 zinapita baiti 960 kwa sekunde. Faili la 40MB litachukua zaidi ya saa 12. Mimi nililianza baada ya isha, alfajiri umeme ukakatika, na kazi yote ikaanza upya. Ukipandisha kasi hadi 115200 inashuka mpaka kama saa moja. Ila njia bora ni kuichomoa kadi na kuliandika faili kwenye kompyuta kwa kisoma kadi, dakika chache tu.

Ukiwa bado hujanunua ruta, ziache zile 2600 za zamani zisizo na herufi XM. RAM yake nyingi huishia 64MB na flashi 16MB, na hakuna kipande cha kuziokoa. Kadi za serial na kebo zake nzito nazo ziache, mtihani wa 200-301 ulioanza Februari 2020 hauzihitaji. Pesa hiyo nunulia swichi.

Limebaki la paswedi, maana ruta kuukuu karibu zote huja na paswedi ya mwenyewe wa zamani. Utabonyeza Break ndani ya sekunde 60 za mwanzo, utaandika `confreg 0x2142`, kisha `reset`, na ruta itapanda bila kusoma usanidi wa zamani. Kijana wa Wete hapa alifika vizuri. Akaziita ruta zake Konde na Mkoani, akafunga OSPF baina yake, ping zikapita, akahifadhi. Kesho yake asubuhi akanipigia:

"Mwalimu, zimesahau kila kitu. Zinaniuliza maswali kama mpya."

Nikamwambia aandike `show version` na anisomee mstari wa mwisho. Akasoma: 0x2142. Usanidi wake ulikuwamo ndani ya NVRAM, mzima, ila ruta ilikuwa bado imeamrishwa isiusome. Akaandika `copy startup-config running-config`, akaziwasha tena interface (milango ya mtandao) kwa `no shutdown`, akairudisha namba ya kawaida kwa `config-register 0x2102`, akahifadhi, akazima swichi ya nyuma na kuiwasha. Hatukukata simu. Baada ya kama dakika mbili akasoma kwa sauti kilichotokea kwenye skrini: "Konde."

Tukahamia kwenye ya pili.