Redio ya kihisi inamaliza betri wapi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Redio inakula umeme inapotuma, ikinyamaza, inapumzika.

Kosa hili ndilo linaloharibu hesabu nyingi. Redio CC2420, iliyomo kwenye TelosB, aina ya nodi (kifaa kidogo chenye kihisi, prosesa na redio), ikituma kwa nguvu yake yote inavuta miliampea 17.4, ikisikiliza, 18.8. Ni kama motari wa Birere, mtaa wa Goma, anayengoja abiria huku injini inanguruma: hajabeba mtu, esansi inakwisha. Chukua nodi ya mteremko wa volkano ya Nyiragongo inayopeleka kipimo kila dakika 10. Pakiti ya baiti 127 inamaliza kupita ndani ya milisekunde 4.3, ikila milijuli 0.22 kwa volti 3. Redio ikibaki wazi hizo dakika 10, inakula juli 34, zaidi ya mara 150,000. Betri mbili za AA za miliampea-saa 2,500, zikiungwa mfululizo, zinakwisha kwa siku tano na nusu.

Kwa hiyo, katika uigaji (kuiga mtandao wa nodi kwenye kompyuta) tenganisha hali nne: kulala, kusikiliza, kupokea, kutuma. Ile fomula ya nanojuli 50 kwa biti, iliyoenea pamoja na LEACH (itifaki ya kupanga nodi katika makundi), haihesabu kusikiliza bure, yaani kungoja bila kupokea kitu.

Dhana: Namba za Energest, sehemu ya mfumo wa Contiki inayohesabu muda wa kila hali, ndizo matumizi ya kipindi.

Hapana, zinajumlishwa tangu nodi iwashwe. Toa kwanza usomaji uliopita, ndipo ugawanye kwa 32,768, mapigo ya saa kwa sekunde (kwa nodi ya Sky ndani ya Cooja, kiigaji cha Contiki), upate sekunde, kisha zidisha kwa miliampea na volti. Tofauti ya 327,680 ya kusikiliza ni sekunde 10, yaani milijuli 564.

Dhana: Ukipunguza nguvu ya kutuma, betri inapona kwa kiasi hicho hicho.

Kutoka dBm 0 hadi -25 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), nguvu ya mawimbi inapungua zaidi ya mara 300, lakini mkondo unashuka hadi miliampea 8.5 tu. Saketi nyingine za redio hazijazimwa.

Dhana: Uigaji ukisema siku 554, ni siku 554.

Hiyo ni redio kuamka asilimia 1 ya muda kwa betri zile zile, basi. Prosesa haimo, wala pakiti zinazorudiwa. Na mipangilio ya kawaida ya Cooja inafikisha kila pakiti iliyo ndani ya masafa isipogongana na nyingine. Punguza uwezekano huo wa kupokea uone. Halafu kuna baridi ya huko juu, karibu mita 3,470, inayodhoofisha betri za alkali. CC2420 inahitaji angalau volti 2.1, chini ya hapo nodi inanyamaza, ingawa mawe hayo hayo ya betri ukiyatia kwenye tochi bado yanawaka.