Kampuni ya ushauri hainunui maarifa kwa kununua programu

Kwenye kampuni kubwa za ushauri, uhasibu na sheria, dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni hii: funga mfumo mzuri wa kompyuta, mpe kila mtu akaunti, na ujuzi utasambaa wenyewe.

Hausambai. Mwaka 1992 Wanda Orlikowski, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, alichapisha utafiti wake ndani ya kampuni kubwa ya ushauri aliyoipa jina la bandia, Alpha. Kampuni ilikuwa imewagawia washauri wake programu ya Lotus Notes ili wapeane ujuzi kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kikwazo kikubwa hakikuwa programu, kilikuwa saa. Mshauri hujaza fomu inayoonyesha kila saa yake italipiwa na mteja gani, na saa ya kujifunza Notes haikuwa na mteja wa kuilipia. Isitoshe, pale ilikuwa upande cheo au uondoke. Unachokijua wewe peke yako ndicho kinachokutofautisha na mwenzako mnayegombea nafasi moja. Nani angekimwaga hadharani? Wengi waliishia kuitumia Notes kwa shughuli zao binafsi. Kuwaita wachoyo ni kuwaonea: walifanya kile hasa ambacho kampuni iliwalipa na kuwapandisha vyeo kukifanya. Kiongozi anayetaka watu wake washirikishane aanzie kwenye fomu ya saa na vigezo vya kupandisha vyeo, ndipo azungumze na wauzaji wa programu.

Wengine husema basi kila kitu kiandikwe. Hapo inategemea unauza nini. Ernst & Young, kampuni ya uhasibu na ushauri, katika miaka ya 1990 ilikuwa na kituo chenye watu wapatao 250 wa kutunza nyaraka za kutumika tena: miongozo ya mahojiano, ratiba za kazi, takwimu za kulinganisha, zote zikiwa zimeondolewa siri za wateja. Kwa kazi zinazofanana iliokoa muda mwingi. McKinsey, kampuni ya ushauri yenye kutatua mambo yasiyo na mfano, ilitegemea zaidi kujua nani anajua nini, hata ikachapa kijitabu cha majina ya wataalamu wake ili mtu apige simu.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni kwamba kushirikishana ni jambo jema siku zote. Nchini Australia, mbia wa PwC, kampuni ya uhasibu na ushauri, aliyekuwa akiishauri serikali kuhusu sheria za kuzuia kampuni za kimataifa kukwepa kodi aliwapa wenzake siri za mashauriano hayo. Mwaka 2023 sakata lilipolipuka, PwC Australia iliuza idara yake ya kazi za serikali kwa dola 1 ya nchi hiyo. Kampuni makini huweka ukuta ndani ya mfumo wenyewe: timu inayomshauri mnunuzi wa kampuni fulani haifungui majalada ya timu inayomshauri muuzaji, hata kama zinakaa ghorofa moja.