Mtumaji halali, seva yenye kasoro

Wateja wangu wengi hapa Kisumu wana barua pepe kwenye seva za cPanel (programu ya kusimamia seva), na humo anayefanya kazi ya posta ni Exim. Barua taka zikiwazidi, wanawasha uhakiki wa mtumaji. Haikawii, simu zinaanza: oda ya shule ya Kakamega haijaingia, kotesheni ya Nakuru imerudi.

Kinachotokea ni hiki. Kabla ya kupokea barua, Exim inaisubirisha, inaenda kubisha hodi kwenye seva ya domeni ya mtumaji (sehemu ya anwani iliyo baada ya @), inaandika `MAIL FROM:<>` (mtumaji mtupu), kisha `RCPT TO` (mpokeaji) na anwani ya mtumaji. Ikijibiwa 250 (sawa), barua inapita. Ikijibiwa 550 (hapana), inakataliwa.

Balaa ni hiyo `<>`. RFC 5321, kanuni ya barua pepe ya 2008, inataka mtumaji mtupu akubaliwe, kwa kuwa taarifa za barua zilizoshindwa kufika hutumwa hivyo. Lakini wapo mafundi walioiziba wakidhani wanazuia spam. Exim ikikataliwa hapo, haimwadhibu mwalimu mkuu aliyetuma barua peke yake. Inaiweka domeni nzima kwenye kumbukumbu kuwa mbovu, kwa kawaida kwa saa 3. Mhasibu wa shule akituma dakika kumi baadaye, anakataliwa bila seva yao kuulizwa tena. Ndiyo maana wenzako wanaweza kuwa wamesharekebisha na wewe bado unawarudishia barua.

Majibu ya muda kama 451 si tatizo kubwa, mpangilio wa Exim uitwao `defer_ok` unayapitisha. Kwa 550 hausaidii kitu. Na mifumo ya karo inayotuma risiti kwa anwani ya noreply isiyo na sanduku? Hapo uhakiki unasema kweli, ila mzazi anakosa risiti.

Mimi huuzima kwa watumaji wote. Naacha SPF na DKIM (ukaguzi wa kama barua imetoka kweli kwenye domeni inayotajwa) zifanye kazi, maana hizo zinauliza DNS tu, daftari la majina ya domeni. Hodi zinazotokana na anwani za kughushi zinamsumbua asiyehusika, na seva yako yenyewe inaweza kuishia kwenye orodha nyeusi. Mteja aking'ang'ania, naziweka domeni za wateja wake kwenye orodha ya kutohakikiwa.

Ukimwandikia fundi wa upande wa pili, mpe mstari wa logi wenye saa na IP, na mwombe ajaribu mwenyewe `MAIL FROM:<>` kwenye poti 25, mlango wa barua pepe. Ajaribu kutoka kwenye seva nyingine. Intaneti nyingi za nyumbani zimeziba poti hiyo.