Unapotoa keshi kwa kadi ya mkopo, unalipa nini?

Mama mmoja mwenye duka la leso pale Biashara Street, Mombasa, alikuja kwenye meza yangu na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Akazinyoosha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mwanangu, deni hili nililimaliza mwezi uliopita, risiti hii hapa. Sasa hizi mia saba na kitu ni za nini tena?"

Kazi yangu ni kuwaelimisha wateja wa kadi, na swali hilo huletwa kwangu kwa sura nyingi. Mama huyu hakuibiwa, wala mtambo haukukosea. Alikuwa ametoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, akidhani ni sawa na kununua kitu dukani kwa kadi hiyohiyo. Hapo ndipo watu wengi huteleza.

Kadi ya mkopo tangu mwanzo ilikusudiwa kulipia vitu. Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, wazo lilikuwa mtu ale mkahawani leo, alipe baadaye. Hadi leo, ukinunua kwa kadi, duka hukatwa asilimia ndogo ya mauzo yake, na sehemu ya makato hayo huifikia benki iliyokupa kadi. Ndiyo maana benki inaweza kukuachia siku kadhaa bila riba, kwenye kadi nyingi hadi siku 50 hivi, mradi ulipe deni lote tarehe ya kulipa ikifika. Kwenye mashine ya ATM hakuna muuzaji wa kukatwa. Kinyume chake, benki yako ndiyo inayomlipa mwenye mashine kwa kukuhudumia. Gharama hiyo inakurudia wewe, pamoja na nyingine juu yake.

Turudi kwa mama wa leso. Tarakimu zake nimezirahisisha, na viwango nitakavyotumia ni vya mfano. Vya kadi yako viko kwenye orodha ya ada ya benki yako, karatasi ambayo wengi wetu huitia droo siku ileile tunayopewa.

Tarehe 4 alitoa Sh30,000 za karo ya mtoto aliye shule ya bweni. Ada ya kutoa taslimu ilikuwa asilimia 5, yaani Sh1,500. Ada hiyo haikukatwa kwenye noti alizopokea, iliongezwa kwenye deni. Kwa hiyo aliondoka na 30,000 mkononi huku akidaiwa 31,500. Risiti ya mashine ilionyesha 30,000 peke yake. Ushuru wa serikali unaotozwa juu ya ada za benki nimeuacha kando ili hesabu isitulemee.

Riba nayo ilianza siku ileile. Kwenye taslimu hakuna zile siku za bure. Tuseme riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, sawa na 42 kwa mwaka: deni la 31,500 linazaa kama Sh36 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Taarifa yake ya mwezi ya kadi ilipotoka tarehe 25, siku 21 zilikuwa zimepita na riba imefika Sh761. Jumla aliyoiona ikawa 32,261, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni 15 ya mwezi uliofuata.

Yeye ni mtu wa ahadi. Tarehe 15 alipeleka Sh32,261 kamili, hakubakisha hata senti. Lakini kati ya tarehe 25 na tarehe 15 kuna siku 20, na siku hizo deni, sasa likiwa 32,261, halikulala. Lilizaa Sh742 nyingine, ambazo hazikuwa zimeandikwa kwenye taarifa ya kwanza kwa sababu ilipochapishwa zilikuwa bado hazijazaliwa. Ndizo alizozishika kwa kidole.

Tukajumlisha pamoja pembeni ya karatasi yake: 1,500, na 761, na 742. Shilingi 3,003 kwa kushika elfu thelathini siku 41. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo lingenifurahisha zaidi kama angeniuliza tarehe 3: "Na ningeipitisha kadi pale shuleni?"

Shule ile ina mashine ya kadi. Riba yake ingekuwa sifuri, iwapo hakuwa na deni la nyuma na angelipa lote tarehe 15, kama alivyofanya. Baadhi ya wapokeaji malipo humwongezea mteja kiasi fulani kwa kutumia kadi, kwa hiyo ni vyema kuuliza kwanza. Hata hivyo ni nadra nyongeza hiyo kukaribia elfu tatu.

Watu huiogopa riba na kuidharau ada, kwa kuwa ada hutozwa mara moja tu. Kwa mkopo wa siku chache mambo huwa kinyume. Ukitoa Sh20,000 leo ukarudisha baada ya siku 10, riba kwa kiwango kilekile ni kama Sh240, ilhali ada ni 1,000. Asilimia 5 kwa siku 10! Ungemkuta mkopeshaji wa mtaani anatoza hivyo ungemwita majina. Tena ada huwa na kima cha chini. Kima kikiwa Sh500 nawe umetoa Sh2,000 za kununua gesi, umelipa robo ya pesa uliyoichukua kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Anayetoa elfu mbili mara tano kwa mwezi hulipa 2,500. Angetoa elfu kumi kwa mkupuo angelipa hiyo 500 mara moja.

Kuna na keshi isiyofanana na keshi. Kila mahali panapopokea kadi pana namba ya tarakimu 4 inayoitambulisha aina ya biashara kwenye mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard. Mashine ya ATM ni 6011, watuma pesa ni 4829, kamari ni 7995. Mfumo wa benki huisoma namba hiyo, hauna habari na nia yako. Ukijaza pochi ya simu kutoka kwenye kadi ya mkopo, ukinunua dola kwenye duka la kubadilisha fedha, au ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, benki nyingi huhesabu kuwa umechukua taslimu: ada ipo, na riba huanza siku hiyohiyo. Nimewaona vijana wanaoapa kwamba hawajawahi kwenda ATM na kadi ile, na wanasema kweli.

Nisijifanye mjuzi asiyeteleza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Deira, Dubai, usiku, sina dirhamu hata moja ya teksi. Nikaingiza kadi kwenye mashine. Ikaniuliza kwa upole kama ningependa kukatwa kwa shilingi za Kenya, na kiasi kimeandikwa palepale. Mtu akiona sarafu ya kwao ugenini moyo hutulia, nikabonyeza ndiyo. Kumbe kiwango kile cha kubadilishia kilikuwa cha mwenye mashine, nacho kilikuwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi. Ukiwa nje ya nchi, chagua sarafu ya pale ulipo, hapo kiwango kitakuwa cha mtandao, ingawa benki yako inaweza kuongeza asilimia yake juu. Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilikuwa na kadi mbili mfukoni zenye namba moja ya siri, nami nilichomoa ile ya mkopo. Kadi ya kawaida ya akaunti ingetoa pesa zangu mwenyewe, kwa makato madogo na bila riba. Tangu siku ile kila kadi yangu ina namba yake ya siri.

Wasafiri wengine hudhani wamepata njia ya mkato. Wanajaza pesa kwenye kadi ya mkopo kabla ya safari, izidi deni, ili watoe "zao wenyewe". Riba wanaweza kuikwepa, ila ada kwenye kadi nyingi itatozwa vilevile, maana inatozwa kwa tendo la kutoa.

Ikiwa ni dharura ya kweli na huna pa kukimbilia, toa mara moja kiasi unachohitaji, na usiisubiri taarifa. Riba inahesabiwa kila siku, hivyo kila siku unayowahi unaiokoa. Piga simu benki uulize deni lililopo siku ile ya kulipa, pamoja na riba ambayo haijaandikwa. Mama wa leso angeuliza hivyo tarehe 15, zile 742 zingekwisha siku hiyo. Kama una deni la manunuzi na la taslimu kwenye kadi moja, uliza pia malipo yako hupunguza lipi kwanza. Marekani, sheria ya mwaka 2009 inataka kiasi kinachozidi malipo ya chini ya mwezi kiende kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Kwingineko angalia mkataba wako, kwa sababu deni la taslimu likiachwa la mwisho, utalipa miezi huku lile ghali limekaa palepale.

Kabla ya kufika huko, chama na SACCO vipo. Kiwango cha asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua si kigeni kwenye SACCO zetu, na nyingi zina mkopo wa dharura unaotoka haraka. Sh30,000 kwa siku 41 kwa kiwango hicho ni kama Sh400 za riba, pamoja na ada ndogo ya fomu kama ipo. Najua, kadi haiulizi maswali wala haihitaji wadhamini, na saa nne usiku mwekahazina wa chama hapokei simu.

Mama alikunja karatasi zake, akauliza kama kadi inaweza kukataa kutoa keshi kabisa. Inaweza. Ukomo wa taslimu ni tofauti na ukomo mzima wa kadi, na mteja anaruhusiwa kuomba upunguzwe. Tukajaza fomu, ukomo wake ukawa sifuri, akalipa zile 742 pale dirishani, akarudi dukani.