Leseni isiyotumika haijafutwa

Ofisa wa mikopo ya nyumba akiacha kazi kwenye kampuni yake huko Marekani, habari hazichelewi kufika kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wetu wa Dallas, Minneapolis au Seattle. "Yule leseni yake imefutwa." Mwingine anamsahihisha, naye anakosea: "Haijafutwa, imeisha muda." Wa tatu anasema mwenyewe ameamua kuipumzisha, siku akiitaka ataichukua ilipo. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Leseni imeingia katika hadhi ya kutotumika, na hadhi hiyo ina maana yake kamili.

Maana yenyewe ni fupi. Ni leseni ambayo jimbo liliidhinisha na bado linaitambua, ila mwenye nayo haruhusiwi kuifanyia kazi, na sababu ya kawaida ni kwamba hakuna kampuni inayomdhamini. Kwenye NMLS, mfumo ambao majimbo yote huutumia kuwasajili maofisa hawa, utaiona imeandikwa "Approved-Inactive". Imeidhinishwa, haitumiki. Watu husoma nusu ya pili tu.

Kwa nini kampuni iwe na uzito kiasi hicho, ilhali mtihani niliufanya mimi na ada nililipa mimi? Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina jibu. Kabla ya mwaka 2008, katika baadhi ya majimbo leseni ilikuwa ya kampuni, si ya mtu aliyekaa mezani na mteja. Aliyeandikisha mikopo mibovu aliweza kuhamia kampuni nyingine, au jimbo jingine, na rekodi yake isimfuate. Nyumba zilipoanza kunadiwa kwa wingi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kama SAFE, iliyotiwa saini tarehe 30 Julai 2008. Sheria hiyo ilimtaka kila ofisa anayeomba leseni ya jimbo awe na namba yake ya kudumu, atoe alama za vidole ili FBI ichunguze historia yake ya jinai, akubali ripoti ya jinsi anavyolipa madeni yake isomwe, asome saa 20 kabla ya leseni na apate angalau asilimia 75 kwenye mtihani wa taifa.

Lakini kuna sharti jingine ambalo halizungumzwi sana: lazima kuwe na kinga ya fedha nyuma ya ofisa, iwe ni mtaji wa kiwango fulani, dhamana, au mchango kwenye mfuko wa jimbo. Wengi hawaibebi kinga hiyo wenyewe, inabebwa na kampuni waliyoajiriwa. Kampuni ndiyo yenye jukumu la kumsimamia ofisa na kupeleka ripoti za mikopo kwa wakaguzi. Ukitoka, elimu yako unabaki nayo, tabia yako njema unabaki nayo, mtihani ulioshinda unabaki nao. Kinachoondoka ni yule wa kuwajibika pamoja nawe mteja akiumizwa. Kwa hiyo jimbo linaacha idhini yako palepale na kukuzuia kufanya kazi mpaka kampuni nyingine ikudhamini. Hakuna aliyekuadhibu.

Ndiyo maana neno "imefutwa" linanikera, na naomba tuliache kabisa tunapomzungumzia mtu aliyebadilisha kazi tu. Kufutwa ni hukumu. Sheria ya SAFE inataka mwombaji awe hajawahi kufutiwa leseni ya aina hii mahali popote. Aliyefutiwa Texas hawezi kwenda kuanza upya Ohio. Kwa hiyo ukisema leseni ya fulani imefutwa, umesema jambo zito kuliko ulivyodhani: kwamba kuna kosa lilithibitishwa, na kwamba njia ya kurudi kwenye kazi hii imefungwa. Maneno kama hayo yakimfikia mteja, au mwajiri anayefikiria kumchukua mtu huyo, yanamharibia jina bila sababu. Kusimamishwa nako ni hatua ya kinidhamu inayochukuliwa na mamlaka ya jimbo, ingawa huweza kuwa na mwisho. Leseni isiyotumika haimo katika kundi hilo. Mtu anaweza kukaa nayo hivyo miezi kadhaa akitafuta kampuni, au akimuuguza mzazi Mwanza, na rekodi yake ikabaki safi.

Kosa la pili linawaumiza wenye leseni wenyewe. Ni hili la kudhani kwamba kutotumika ni mapumziko. Leseni hizi huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, zinazotumika na zisizotumika, na dirisha la kuhuisha hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Kukosa mdhamini hakuiongezei leseni yako siku hata moja. Ukitaka kubaki nayo, kwa kawaida unasoma saa 8 za mafunzo endelevu kama wenzako walio kazini: saa 3 za sheria za shirikisho, 2 za maadili, 2 za mikopo isiyo ya kawaida, na 1 ya somo lolote lililoidhinishwa. Huruhusiwi kurudia kozi ileile miaka miwili mfululizo, na saa ulizosoma mwaka huu huwezi kuziweka akiba kwa ajili ya mwaka ujao. Unalipa ada. Unathibitisha kwamba majibu yako kwenye fomu ya MU4, ile uliyoombea leseni kwenye NMLS, bado ni ya kweli, maana deni lililofika mahakamani au kesi mpya bado ni vya kutangazwa hata kama hujaandikisha mkopo mmoja mwaka mzima.

Usipohuisha, leseni yako si "isiyotumika" tena. Imeisha. Majimbo mengi hutoa nafasi ya kuirejesha kuanzia Januari mpaka mwisho wa Februari, kwa gharama ya ziada, na nafasi hiyo ikipita unaomba upya. Tangu leseni ilipoisha, hesabu mbili za miaka zinakwenda. Ukikaa miaka mitatu bila leseni halali wala usajili wa shirikisho (ule wa maofisa wa benki), unarudia zile saa 20 za mwanzo. Ukikaa mitano, unarudia mtihani. Aliyeihuisha leseni yake kila mwaka, hata ikiwa haina mdhamini, hahesabiwi hivyo, na hii ndiyo faida kubwa ya kuilipia leseni ambayo kwa sasa haikuingizii chochote. Anayesema "yangu iko tu, haitumiki" huku hajahuisha tangu 2021 anajidanganya kuhusu fedha na muda atakaohitaji siku ya kurudi.

Si kila jimbo linaiacha leseni ikae hivyo kwa muda unaotaka wewe. Mengine huweka siku maalumu za kupata mdhamini mpya. Na kwa kuwa leseni ni ya kila jimbo peke yake, mtu mmoja anaweza kuwa na moja inayotumika, nyingine isiyotumika na ya tatu iliyokwisha, zote chini ya namba moja ya NMLS. Namba hiyo haipotei, utakuwa nayo hata ukistaafu, na kuwa nayo si kuwa na leseni. "Nina NMLS" haimwambii mteja chochote kuhusu ruhusa yako ya leo. Waliohamia benki nao wana lao: ofisa wa benki husajiliwa na shirikisho bila kuhitaji leseni ya jimbo, kwa hiyo leseni yake ya zamani inaweza kuwa haitumiki huku yeye anaandikisha mikopo kihalali kabisa.

Wenye leseni isiyotumika na wasio na usajili huo wa benki, mipaka yao ni hii. Kuchukua maombi ya mkopo wa nyumba huwezi. Kujadili riba na masharti kwa malipo au manufaa yoyote huwezi, hata kama faili litakwenda kwa rafiki yako mwenye leseni hai. Kupokea "ya chai" kwa kumpeleka mteja kwa kampuni fulani ni kosa chini ya sheria nyingine ya shirikisho, RESPA, inayosimamia taratibu za mikopo na ununuzi wa nyumba, na kosa hilo halimwachi hata asiyewahi kuwa na leseni. Kazi za ofisini za kukusanya na kupanga nyaraka, ukiwa mwajiriwa unayesimamiwa na mwenye leseni, kwa kawaida zinaruhusiwa. Nawaomba pia tusinyooshe sana lile lango la ndugu. Kanuni za shirikisho haziyalazimishi majimbo kudai leseni kwa anayemshughulikia mkopo mwenzi wake, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, mzazi, babu, bibi au mjukuu, wakiwemo wa kambo na wa kuasiliwa. Binamu hayumo. Shemeji hayumo. Mtoto wa kijiji chenu uliyekua naye, ambaye wewe na mimi tungemwita ndugu bila kusita, naye hayumo.

Mteja anayetaka kujua ukweli hana haja ya kuuliza kwenye grupu. Rekodi za NMLS ziko wazi kwa umma, bila malipo, katika ukurasa uitwao NMLS Consumer Access. Andika jina au namba ya ofisa, fungua leseni ya jimbo ilipo nyumba unayotaka kununua, na utazame mambo mawili: kama ameruhusiwa kufanya shughuli, na kampuni anayoiwakilisha. Hatua za kinidhamu zilizowekwa wazi na mamlaka nazo huonekana humohumo. Ukikuta imeidhinishwa lakini hana kampuni, huyo hawezi kuchukua maombi yako leo. Ukiulizwa habari zake, jibu kwamba kwa sasa hana mdhamini.