Je, wajua kwa nini mpelelezi aliyeacha pombe huzidiwa siku ya tatu?

Riwaya nyingi za upelelezi humpa shujaa chupa, kisha humnyang'anya. Mwandishi akimtesa mpelelezi wake wa Njombe usiku wa kwanza, halafu siku ya tatu akamwamsha mzima, kalenda yake imepinduka.

Ubongo wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka umezoea kupoozwa na pombe, nao hujibu kwa kujichochea zaidi. Pombe ikikatwa ghafla, breki imetoka na mguu bado umekanyaga mafuta. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kama ipo, kwa kawaida huja ndani ya saa 48. Weweseko lenyewe, yaani kuona wadudu ukutani, kuchanganya mchana na usiku, homa na moyo kwenda mbio, huangukia kati ya siku ya pili na ya nne, tena si kwa kila mnywaji. Akiacha Jumatatu usiku, Jumanne bado anaweza kuhoji mashahidi. Alhamisi ndiyo ya kuogopa.

Njombe ya mwezi Juni itamsitiri kidogo, maana kwa baridi ile mikono ya kila mtu inatetemeka. Kitakachomfanya koplo wake aulize "Afande, unaumwa?" ni jasho.

Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na sindano ya vitamini B1. Usimtundikie dripu ya glukosi peke yake: bila B1 huweza kumharibia ubongo.

Lakini panapoharibika riwaya nyingi ni kwenye kumbukumbu. Mtu aliyekunywa haraka tumbo likiwa tupu anaweza kutembea, kubishana, hata kuendesha gari kushuka mlima wa Kitonga, huku ubongo haurekodi chochote. Asubuhi anaweza kubaki na vipande. Lakini kilichokosa kurekodiwa hakirudi kwa maombi wala kwa kupigwa kichwani. Ile sura ya mwisho ambapo anaukumbuka ghafla uso wa muuaji ni udanganyifu. Ushahidi utoke nje yake: ujumbe wa muamala kwenye simu, mhudumu wa kilabu, dereva wa bodaboda.

Na akirudia kunywa? Iringa ina mtego mzuri kuliko bia: ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, hukinga mbeta, chombo cha mwanzi, na huchonga upya asubuhi na jioni. Ulanzi mbichi, mtogwa, ni mtamu kama juisi, ila chachu iliyobaki ndani ya mbeta huanza kazi kabla mgema hajarudi. Mpelelezi anayejitetea kwamba amenunua "mtogwa tu" asubuhi, akaumalizia jioni, amemalizia kinywaji kingine. Ulanzi ukilala usiku kucha, unaelekea kuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali.