Bima ya kazini au Medicaid? Tunayoambiana na yaliyo kweli

Umepata kazi mpya ghalani. Wiki ya pili unapewa fomu ya bima na kuambiwa uirudishe kabla ya Ijumaa. Mshahara ni mdogo, watoto wana Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kila unayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema saini haraka. Mwingine anasema ukisaini tu, kadi za watoto zinafutwa. Wa tatu anasema Medicaid si ya watu wenye kazi. Majibu haya yanazunguka sana miongoni mwa Waswahili wanaoishi Marekani, na yamewatoa watu fedha ambazo hawakuwa nazo. Naanza na lile linaloumiza wengi zaidi.

"Kazi ikikupa bima, huna haki ya Medicaid."

Si kweli. Medicaid huangalia kipato, idadi ya watu katika kaya, umri au hali ya afya, makaratasi yako ya uhamiaji na jimbo unaloishi. Fomu ya Medicaid itakuuliza kama una bima nyingine au kama mwajiri anakupa, nawe ujibu kwa ukweli, lakini jibu hilo peke yake halikunyimi Medicaid. Unaweza hata kuwa na zote mbili. Hapo bima ya kazini hulipa kwanza, kisha Medicaid hulipa sehemu iliyobaki kwa huduma inazozigharamia. Katika baadhi ya majimbo, Medicaid hulipa hadi yale makato ya bima ya kazini yanayotoka kwenye mshahara wako, ikiona kufanya hivyo ni nafuu kwake.

Dhana hii ina chanzo. Watu wanachanganya Medicaid, ambayo ipo tangu 1965, na soko la bima, ambako mtu hujinunulia bima kwa msaada wa ruzuku ya serikali, lililoletwa na sheria ya 2010, hii tunayoiita Obamacare. Kwenye soko hilo ndiko bima ya kazini inakufungia njia. Mwajiri akikupa bima inayohesabiwa kuwa nafuu na yenye kiwango kinachokubalika, hupati ruzuku ya serikali, hata kama umeikataa hiyo ya kazini. Kwa mwaka 2026, "nafuu" maana yake ni kwamba mchango wako wewe mwenyewe kwa mpango wa bei ya chini kabisa hauzidi asilimia 9.96 ya kipato cha kaya. Kwa kaya yenye dola 2,000 kwa mwezi, makato ya dola 199 yanahesabiwa nafuu. Mimi siwezi kuuita huo unafuu, lakini ndivyo sheria inavyopima. Na kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, kile kikomo kilichokuwa kikiwalinda wenye kipato kidogo wakati wa kurudisha ruzuku waliyopewa kupita haki yao kimeondolewa: unaweza kudaiwa yote. Kwa hiyo anayekwambia "kataa ya kazini uchukue ya serikali" muulize kwanza, ya serikali ipi?

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi halijawafikia. Tangu 2023, unafuu kwa mwenzi na watoto hupimwa kwa gharama ya kuikatia bima familia nzima, si kwa gharama ya mfanyakazi peke yake. Baba anaweza kukosa ruzuku, mke na watoto wakaipata.

"Nafanya kazi, basi nimeshazidi kipato."

Inategemea jimbo, na tofauti ni kubwa. Majimbo 40 pamoja na jiji la Washington yamefungua Medicaid kwa watu wazima hadi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa viwango vya 2025, hiyo ni karibu dola 21,600 kwa mwaka kwa mtu mmoja na karibu dola 44,370 kwa kaya ya watu wanne (Alaska na Hawaii viko juu zaidi). Watu wengi wa maghalani, wa usafi na wa kulea wazee wako ndani ya mstari huo bila kujua. Makato ya bima yanayotolewa kabla ya kodi hayahesabiwi kwenye kipato, kwa hiyo aliyezidi kidogo tu afanye hesabu upya.

Majimbo mengine 10 hayakufanya hivyo, baada ya Mahakama Kuu kuamua mwaka 2012 kwamba hayalazimiki. Texas ni mfano mchungu: mtu mzima wa chini ya miaka 65, asiye na mtoto mdogo, asiye na ulemavu wala ujauzito, hapati Medicaid hata akiwa hana senti. Kwake, fomu ya kazini inaweza kuwa mlango pekee.

"Familia moja, bima moja."

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kila mtu katika kaya hupimwa kivyake, na viwango vya kipato kwa watoto viko juu kuliko vya wazazi. Mama anaweza kuwa na bima ya kazini na watoto wakabaki Medicaid, au wakawa CHIP, mpango wa watoto ulioanzishwa mwaka 1997 kwa familia zilizozidi kidogo. Mwaka 2024, mfanyakazi alichangia wastani wa dola 1,368 kwa mwaka kwa bima yake peke yake; kwa bima ya familia, dola 6,296. Medicaid ya walio chini ya miaka 21 ina meno, macho na masikio, vitu ambavyo bima nyingi za kazini huviuza kando.

Lakini angalia mpangilio. CHIP kwa kawaida haimpokei mtoto ambaye tayari ana bima nyingine. Ukiwaandika watoto kazini "kwa usalama", unaweza kuwa umeufunga mlango uliokuwa wazi. Omba Medicaid na CHIP kwanza. Maombi yake yanapokelewa mwaka mzima.

"Ya kazini ni bora kwa sababu unailipia."

Kuna ukweli kidogo. Medicaid huwalipa madaktari kidogo, na wapo wanaokataa wagonjwa wake. Kama una daktari bingwa usiyetaka kumwacha, piga simu uulize kabla ya kuamua. Ila bima nyingi za kazini hazianzi kulipa matibabu mpaka wewe utoe kwanza kiasi fulani mfukoni. Wastani wake mwaka 2024 ulikuwa dola 1,787 kwa mtu mmoja. Mtu anakatwa kila mshahara, anaogopa kwenda hospitali, na bado anaitwa mwenye bima. Medicaid humtoza mgonjwa kidogo sana au hapana kabisa, na ina usafiri wa kukupeleka kliniki kama huna gari.

"Watakuchukulia nyumba."

Ni kweli jimbo linaweza kudai mali, hata nyumba, ili kurejesha gharama ilizolipa Medicaid. Lakini urejeshaji huo unawahusu hasa waliohudumiwa wakiwa na miaka 55 na zaidi, zaidi kwa gharama za makao ya wazee, na hufanyika baada ya kifo. Hauwezi kufanyika mume au mke akiwa bado hai.

"Ukikataa sasa ya kazini, utasubiri hadi mwakani."

Ukipoteza Medicaid au CHIP, una siku 60 za kujiunga na bima ya kazini, hata kama msimu wa kujiandikisha umepita. Ofisi za kazini mara nyingine husema 30, muda wa sababu nyingine. Wakumbushe, na barua ya kufutwa uiweke.

Hili litahitajika. Kuanzia Aprili 2023 watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa Medicaid, wengi wao kwa makaratasi ambayo hayakurudishwa. Ifikapo Januari 2027, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 itawataka watu wazima wengi wa majimbo yale 40 waonyeshe saa 80 za kazi kwa mwezi na wahakikiwe kila miezi sita. Hifadhi hati za mshahara. Na kuanzia Oktoba 1, 2026, sheria hiyohiyo inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya kawaida ya wanaostahili, huku wenye grini kadi wakibaki. Kama wewe ni mkimbizi bila grini kadi na kazi yako inatoa bima, uliza leo makato yake ni kiasi gani, ili barua ikija usianze kuhesabu ndani ya zile siku 60.